Vijana Watatu kwa Ikapel

Sehemu ya Tano

Kama gazeti la wiki jana lilikupita kwa sababu muuza nyama alikufungia maini nalo, usilie. Nitakueleza upesi, maana leo nimepigwa sana na nafasi niliyopewa ni ndogo.

Jina langu ni Methuselah. Nina miaka ishirini na mmoja. Cheka kwanza umalize.

Mimi ni karani wa Timu ya Malori hapa Busia. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu katika kamati nzima ni mimi peke yangu niliyemaliza fomu ya nne, na kwa sababu mpira ukinijia ninaukimbia.

Umeshasikia jinsi nilivyopigwa jiwe kule Rukala nikaacha jino langu matopeni. Umesikia jinsi refa alivyofukuzwa kwa panga mpaka mto Nzoia. Na umesikia tulivyofika fainali ya Kombe la Mpaka bila kuwa na mtu anayejua kufunga goli. Nusu fainali tulishinda kwa goli ambalo wenzetu walijifunga wenyewe. Jumamosi tunacheza na Tororo, na watu wa Tororo hawajifungi.

Ndipo Mzee Yahya, mwenye malori na mwenye timu, akaleta hoja yake. Kuna mtu Malaba anaitwa Ikapel, senta fowadi wa timu ya Radi. Msimu mmoja, magoli ishirini na sita. Radi wameshatolewa kwenye kombe, wako tayari kumwachia. Ila hawataki kitu, wanataka watu: vijana wetu watatu wa benchi. Wabwire wa Namboboto, Ongodia wa Chakol, na Edris wa hapa hapa mjini.

Kamati ikagawanyika nusu kwa nusu. Kura ya mwisho ikawa yangu. Na kapteni wetu Dauda, dereva wa lori, mtu mrefu asiyetaka hata kuisikia biashara hiyo, akaweka chuma cha kufungulia tairi juu ya meza.

"Karani," akasema, "sasa piga kura."

Nikakiangalia kile chuma. Kilikuwa na grisi.

"Mzee Yahya," nikasema, "huyo Ikapel tunamjua kwa kuhadithiwa tu. Nitapigaje kura juu ya mtu ambaye sijamwona?"

"Magoli ishirini na sita ni hadithi?" Mzee Yahya akauliza.

"Mzee, niache niseme," Dauda akadakia. "Hawa vijana wana miaka kumi na tisa, kumi na nane. Mimi nina thelathini na tatu. Beki wetu wa kulia ana wajukuu. Mwakani tukichoka nani ataingia uwanjani? Ukiwatoa hawa, benchi letu litabaki ubao mtupu."

"Mwakani! Kombe ni Jumamosi, Dauda. Vijana watatu wamekaa chini msimu mzima wakila ndizi. Kuna ndizi iliyofunga goli?"

"Na huyo wako akiumia dakika ya kumi?"

"Ikapel haumii. Wanaoumia ni waliosimama mbele yake."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na nitakwambia kwa nini.

Hao watatu ninalala nao chumba kimoja, nyuma ya ghala la chumvi. Edris ananikatia nywele. Ongodia ananiamsha asubuhi kwa kunimwagia maji. Wabwire akipata kipande cha samaki, nusu ni yangu hata nisipoomba. Na sote tulijua timu ya Radi ni nini. Mwenye timu ile, Mzee Osikol, anafundisha mpira kwa kiboko. Ukikosa pasi, unalala chini. Ukikosa penalti, unalala chini bila shati. Msimu uliopita kijana mmoja wa Rukala alikwenda kuchezea Radi, akarudi na mkono uliopinda kama ndizi.

Kwa hiyo kura yangu haikuwa ya mpira. Ilikuwa ya migongo mitatu.

"Sawa," Mzee Yahya akasema. "Kesho Ijumaa asubuhi karani ataenda Malaba, Dauda atamwendesha. Wale watu wanazungumza kwenye chungu cha pombe, na dini yangu hainiruhusu kukaa hapo. Wewe ni Mkristo, Methuselah, na mdomo wako hauna kazi nyingine. Kamwone mtu, uzungumze, urudi na jibu."

Nikatoka nje nikijiona nimeponyoka. Nilikuwa nimepiga hatua tatu tu.

Dauda alinishika kola kwa nyuma, akanigeuza, akanipiga ngumi moja ya tumbo. Nikapiga magoti pale kwenye kokoto kama niliyekuja kutoa sadaka.

"Hiyo ni kwa sababu hukusema hapana," akaniambia. "Kesho ukisema ndiyo, utaniona vizuri."

Jioni ile nikiwa bado nimeshika tumbo, Ongodia, ambaye ni Mteso na anawajua wale wazee, akaniuliza kama anaweza kuja nasi. Nikamwambia Mzee Yahya amekataa, kitu kinachobadilishwa hakikai kwenye mazungumzo.

"Basi sikia," akasema. "Kwa Mzee Osikol ukipewa mrija, kunywa tu. Mdomo usifungue mpaka umeuweka chini."

Nikamshukuru. Nilidhani ananifundisha adabu ya kunywa.

Tulifika Malaba saa nne asubuhi. Nyumba ya Mzee Osikol iko nyuma ya uwanja wa Radi. Kile kiboko chake kimetundikwa juu ya mlango, mahali ambapo wengine hutundika msalaba.

Ndani, chungu kilikuwa katikati, wazee saba wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mama Alupo, mke wa Osikol, alikuwa anamimina maji ya moto juu ya pombe ya wimbi.

"Yoga, karani!" Osikol akanisalimu. Alikuwa mtu mdogo, mkavu, mwenye sauti ya upole. "Kaa. Na huyu mrefu?"

"Kapteni wetu, mzee. Ni Mwislamu, hakai kwenye chungu."

"Akae mlangoni. Mama Alupo, mpe chai."

Dauda akakaa mlangoni juu ya kreti, chuma chake kimelala mapajani. Hakuna aliyemuuliza chuma ni cha nini. Dereva ana vyuma vyake.

Na Ikapel alikuwepo. Amesimama nyuma ya Osikol, mapaja kama magogo ya mkaratusi, uso mpole kama mwalimu wa shule ya Jumapili. Uso ule usiuamini.

Nikapewa mrija. Nikanywa. Asubuhi ile nilikuwa sijala, na pombe ya wimbi haiulizi kama umekula.

"Nyinyi nataka Ikapel," Osikol akasema.

"Tunazungumza tu, mzee."

"Mimi nataka watatu. Vijana. Wenye mifupa bado laini, nafundisha toka chini. Huyu Ikapel nilichukua yeye na miaka kumi na saba. Ona sasa."

Ikapel hakuinua macho.

Hapo nikapata wazo, na ninaungama kwamba niliona ni wazo la akili sana. Mtu ukimpa alichoomba, anafurahi. Ukimrundikia zaidi ya alichoomba, anashtuka, anajiuliza vitu hivi vina ubovu gani. Nikasema moyoni, nitamrundikia mzee huyu mpaka aogope mwenyewe, biashara ife, Dauda anipende, na vijana wabaki chumbani kwetu.

"Watatu ni wachache, mzee!" nikasema kwa sauti, mrija mkononi. "Utasema Busia tuna mkono wa birika. Chukua Wabwire. Chukua Ongodia. Chukua Edris. Na juu yao chukua huyo kapteni hapo mlangoni, Dauda mwenyewe! Anakula sana, lakini lori anaendesha. Wote wanne, kwa Ikapel peke yake!"

Nikaangua kicheko, nikangoja chungu kizima kicheke nami.

Mzee Osikol akauchomoa mrija wake, akaukung'uta, akaulaza juu ya mdomo wa chungu. Aliyekaa kando yake akafanya vile vile. Mmoja baada ya mwingine, mirija saba ikalala.

"Pombe imekwisha?" nikauliza.

"Maneno ndiyo yamekwisha," Mama Alupo akajibu.

"Mama, mimi nilikuwa natania."

"Utani hapa tunafanya mrija ukiwa chini. Ukiwa mkononi, unasema kwa niaba ya nyumba yako. Hukuambiwa?"

Nilikuwa nimeambiwa.

"Wanne," Osikol akasema kwa upole. "Busia ni watu wakarimu sana."

Kikombe cha chai kilinifikia kabla ya Dauda. Kilinivunjikia kwenye nyusi, chai ya moto ikaniingia machoni. Kisha akaja mwenyewe. Teke lake la kwanza lilinitoa kwenye kiti. La pili lilinikuta bado hewani.

"Umeniuza?" Dauda alinguruma. "Mimi? Nyongeza? Kama pilipili juu ya sambusa?"

"Kapteni, ilikuwa hila!"

Ngumi. Nikasikia pua yangu ikivunjika kwa ndani.

"Nilitaka akatae!"

Ngumi nyingine, mdomoni. Meno mengine mawili yakalifuata lile la Rukala.

Wazee wakasimama na kushika chungu chao kisimwagike. Mimi hakuna aliyenishika. Nikatambaa, nikaona miguu miwili mikubwa mbele yangu, nikajificha nyuma yake. Nikasikia kile chuma cha tairi kikipasua hewa. Nikainama.

Miguu ile ilikuwa ya Ikapel.

Sauti ilikuwa kama mtu amekanyaga kibuyu kikavu. Ikapel hakulia mara moja. Aliangalia goti lake la kulia kama mtu anayesoma barua, kisha akaanguka, na hapo ndipo alipolia mpaka kuku wakakimbia uani.

Dauda akaachia chuma. "Sikumlenga yeye," akasema. "Wallahi, sikumlenga yeye."

Hakumaliza. Vijana wa Radi waliokuwa nje waliingia kwa mlango na kwa dirisha. Nilimwona Dauda akisimama katikati yao, akiangusha mmoja, akiangusha wa pili, kisha sikumwona tena, niliona migongo tu na ngumi zinazopanda na kushuka. Waliponyanyuka, jicho lake moja lilikuwa limefunga na sikio linatoa damu.

Mimi, niliyekuwa nimekaa ukutani nikikusanya pua yangu, nikaona mwanga kidogo.

"Mzee Osikol," nikasema kupitia damu, "pole sana. Senta fowadi wako ameumia. Basi biashara imekufa, sisi turudi nyumbani."

"Senta fowadi wangu?" Akaniangalia kwa huruma. "Mirija ilikuwa imelala, karani. Ikapel ni wenu. Mmevunja chenu." Akanyoosha mkono juu ya mlango, akakiteremsha kiboko. "Huyu Dauda ndiye wangu. Na mchezaji wangu ameingia nyumba yangu na chuma."

Wakamburuta mpaka uwanjani, wakamfunga mikono kwenye mlingoti wa goli. Mimi nilishikwa kichwa ili nitazame. Mapigo matatu ya kwanza Dauda alinyamaza. La nne akatoa sauti. La kumi shati lilikuwa limeingia ndani ya ngozi, huwezi kujua kipi ni kitambaa na kipi ni mtu. Niliacha kuhesabu kwenye kumi na saba.

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa tayari.

"Methuselah!" akapiga kelele, shavu lake limebanwa kwenye mlingoti. "Watoto wasije hapa! Usiwalete hawa watoto!"

Afadhali angenitukana.

Osikol akapangusa kiboko chake kwa nyasi. "Hao watatu wengine wafike leo kabla ya jua kuzama," akaniambia. "Peleka Ikapel, leta watu wangu."

"Nani ataendesha lori?"

"Wewe umesoma."

Mama Alupo alimfunga Ikapel goti kwa vipande vya kitenge, akivikata kwa kisu kifupi cha jikoni. Juu yake akamvika suruali ndefu, pana, ya mume wake wa kwanza, marehemu, na mguu ukaonekana kama mguu. Alipomaliza akatafuta kisu chake mkekani, akatafuta na chini ya mkeka, hakukiona.

Wakampandisha Ikapel mbele ya lori. Mimi nikashika usukani. Maishani mwangu nilikuwa nimekaa kando ya Dauda nikimtazama akibadilisha gia. Kwa kutazama nilijua mbili.

Nilikuwa na mpango. Nifike Busia, nimwambie Mzee Yahya kila kitu, apakie wapagazi wake kwenye malori mawili, twende tukamfungue Dauda kwenye mlingoti ule. Vijana wasiende popote. Mpango ulikuwa mzuri mpaka tulipokaribia Chakol.

"Karani," Ikapel akaniita. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake nje ya kilio. "Ukifika utasema nini?"

"Nitasema ukweli."

Kitu cha baridi kikanigusa ubavu wa kushoto. Nikatazama chini. Kile kisu cha Mama Alupo kilikuwa kimepatikana.

"Sema tena."

"Nitasema una magoli ishirini na sita."

"Vizuri. Mimi ni mzima. Nimechoka na safari tu."

Lori likaingia shimoni. Ikapel akapiga yowe, na mkono wake ukaruka, na kisu kikanikata shati na ngozi kidogo.

"Shikilia lori, mjinga!"

"Shikilia kisu, ndugu yangu!"

Tukaenda hivyo maili kadhaa, shimo na yowe, yowe na mkwaruzo. Nilipopata pumzi nikamuuliza, "Ikapel, kesho uwanjani utasimama na goti gani?"

"Kesho ni kesho. Leo Mzee Yahya ananipa nyumba ya bati na kazi kwenye malori. Aliniahidi mbele ya mashahidi. Nikishaingia nyumbani, goti litaumia ndani ya nyumba yangu."

"Na hao vijana watatu?"

Akalishika goti lake kwa mkono usio na kisu.

"Miaka sita nimekionja kiboko kile," akasema. "Unajua magoli ishirini na sita yanatoka wapi? Yanatoka kwa mtu anayeogopa kukosa. Nikibaki Malaba na mguu huu, nitachunga ng'ombe za Osikol na kupigwa kama wao. Mimi pia nilikuwa kijana, karani. Hakuna aliyeniendeshea lori."

Nikaiangalia njia. Nilikuwa na kisu ubavuni.

Busia nzima ilikuwa uwanjani, maana Mzee Yahya alikuwa ameshatangaza kwamba Ikapel anakuja. Wauza duka wamefunga maduka, mama wa sokoni wamebeba vikapu kichwani, wapagazi wamekaa juu ya magunia. Nilikanyaga nilichodhani ni breki. Lori likapita katikati ya watu wanaoruka huku na huku, likaangusha goli la upande wa barabara, likazimika lenyewe.

Watu wakashangilia. Walidhani ni mbwembwe.

"Shuka," Ikapel akaninong'oneza. "Unishike kama rafiki."

Akaweka mkono wake wa kushoto shingoni kwangu, uzito wote wa yule mtu ukawa juu yangu. Mkono wa kulia ukaingia chini ya koti langu, pamoja na kisu. Akatabasamu. Nakuapia, lile tabasamu lilikuwa zuri. Tukasimama pale kama ndugu wawili wanaopigwa picha.

"Ikapel! Ikapel! Ikapel!"

Mzee Yahya akaja na kanzu yake nyeupe, mikono wazi. "Karibu Busia, mwanangu! Na wewe karani, uso umekuwaje?"

"Kikombe cha chai," Ikapel akajibu kwa niaba yangu.

"Na Dauda?"

"Amebaki Malaba. Anawangoja hao vijana, awapokee."

Mzee Yahya akafurahi. "Nilijua atakubali mwishowe! Leteni vijana. Ahadi ni leo."

Wakaja wote watatu, wamebeba vifurushi. Edris alikuwa amevaa viatu vyake vya sikukuu. Ongodia aliutazama uso wangu, pua na nyusi na meno, akasema polepole, "Uliongea na mrija mkononi."

Wabwire akaweka kifurushi chake chini ili anipe mkono.

"Karani, tunajua ulijaribu," akasema. "Wewe usijilaumu. Kombe likija, mtuletee tulione."

Ncha ikasogea ndani ya ngozi yangu, upana wa ukucha.

"Ikapel!" Mzee Yahya akauviringisha mpira mpaka miguuni petu. "Wape watu shuti moja tu. Moja, walale vizuri."

"Nimechoka na safari, mzee."

"Moja!"

"Kesho, mzee."

Mzee Yahya si mtu wa kulaghaiwa sana. Akamtazama Ikapel, akaniangalia mimi. Nyuma yake dereva mwingine alikuwa ameshawasha lori, Edris na Ongodia wamekwisha kupanda, na Wabwire ameweka mguu mmoja juu ya tairi.

"Methuselah," Mzee Yahya akaniuliza, "mtu huyu ni mzima?"

Ningesema ndiyo, migongo mitatu ingeondoka. Ningesema hapana, kisu kingeingia kabla ya neno kwisha. Nikaona ni afadhali goti lijisemee. Watu wote walikuwa wanatazama. Wakiliona limelegea vile, nani atauliza tena?

Nikainua mguu wangu, nikalipiga teke goti la Ikapel kwa nguvu zote ambazo sikuwahi kuupigia mpira.

Kisu kikaingia mpaka mpini.

Ikapel akaanguka akipiga yowe lililonyamazisha uwanja. Mimi nilibaki nimesimama, nikafungua mdomo niseme, "Tazameni! Lilikuwa limevunjika tangu Malaba!" Hewa haikutoka. Kilitoka kitu kama mluzi.

Na Ikapel, hata katika maumivu yale, alikuwa na akili kuliko mimi.

"Amenivunja!" akalia akiwa chini. "Mmemwona! Karani amenivunja!"

Walikuwa wameniona. Mtu alishuka kwenye lori kwa miguu yake, anatabasamu, na karani wa timu akampiga teke mbele ya mji mzima. Kisu kilikuwa chini ya koti langu, na koti lilikuwa limefungwa vifungo.

Sikumbuki aliyenifikia wa kwanza. Nakumbuka kikapu, nakumbuka kiatu cha raba, nakumbuka mama mmoja wa sokoni ninayenunua kwake nyanya akinipiga kwa fimbo ya mwavuli na kuniita jina la mamangu. Nililala kwa ubavu wa kulia, nikiukumbatia ule wa kushoto, na kila teke lililonipata lilisogeza ule mpini.

"Basi!" Sauti ya Mzee Yahya. Watu wakarudi nyuma. Kanzu yake ikasimama juu yangu.

"Ikapel aliingia Busia akiwa mzima," akasema. "Ameumia mikononi mwetu. Osikol ameahidiwa vijana watatu kwa jina langu, na neno langu silirudishi kwa sababu ya mwehu mmoja. Ikapel apelekwe nyumbani kwake. Vijana waende." Akanisukuma kwa ncha ya kiatu. "Na huyu mfungeni mikono, mtupe nyuma ya lori. Osikol amwone. Labda kiboko kitamfundisha alichokosa shuleni."

Wakanifunga. Wakanirusha juu kama gunia. Lango la lori likapigwa komeo, na uwanja ukaanza kurudi nyuma, na Ikapel akiwa mabegani mwa wapagazi wanne, anabebwa kwenda kwenye nyumba yake ya bati.

Vijana watatu walikaa wakinitazama. Mji ukaisha, vumbi likaanza.

Edris akanitemea mate. "Tulikuwa tunaondoka kwa ajili ya kombe," akasema. "Sasa tunaondoka kwa ajili ya nini?"

Wabwire akasimama, akashika mbao za lori asianguke, akanijia. Ngumi yake ilikuwa imekunjwa. Sikumlaumu. Akanishika koti kifuani aninyanyue vizuri, apate mahali pa kupiga, na vifungo vikakatika.

Ngumi ikabaki juu.

"Ongodia," akaita bila kugeuka. "Njoo uone."

Wakanizunguka wote watatu. Lori lilikuwa linakimbia kuelekea Malaba, kwenye mlingoti wa goli aliofungwa mtu aliyewaombea wasije. Humo lorini mimi peke yangu ndiye niliyelijua hilo, na mbele ya dereva kulikuwa na maili kumi na tano tu.

"Karani," Wabwire akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "ni nani aliyekuchoma hiki kisu?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Kilichotoka hakikuwa neno. Kilikuwa chekundu, kingi, na cha moto.